Ufunguo Uliobaki Kwenye Mashine

Chumba Namba 14,
Bweni la Wasichana,
Chuoni.

Jumapili, 16 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naitoa nikiwa nimepiga magoti, maana najua una haki ya kuikataa. Ujumbe wako wa tatu ulinikuta nimekaa kitandani na simu mkononi. Niliusoma, nikaizima simu na kuisukuma chini ya mto, kana kwamba ungeweza kuniona kupitia kile kioo. Nisamehe. Sijakukasirikia, wala sijaolewa kwa siri kama ulivyotania. Nilikuwa naogopa tu.

Hali yako? Kifua kimeachia, au moshi wa kuchomelea bado unakubana? Mama Mapacha na mapacha wenyewe hawajambo? Nimeambiwa siku hizi umehamishiwa kwenye matangi makubwa, na kwamba mnachomelea mkiwa ndani kabisa. Tafadhali, Mjomba, usiingie humo kama hakuna mtu amesimama nje kukungoja. Zamani nisingethubutu kukuandikia neno kama hilo, ningeona nakufundisha kazi yako. Sasa nimegeuka mtu wa kuhofia kila mtu.

Nyumbani wote wazima. Mama anakwenda kazini kama kawaida. Bibi bado anawatangazia majirani kwamba mjukuu wake anasomea "kutengeneza vitu vya kutengenezea vitu," na katika miaka mitatu ya uhandisi wa uzalishaji viwandani sijasikia mhadhiri aliyeieleza digrii yetu vizuri kuliko yeye.

Mimi pia mzima wa mwili. Vidole vyote kumi ninavyo, macho yote mawili ninayo. Nakuanzia na hilo ili yanayofuata uyasome bila kuruka mistari.

Wewe ni mtu wa kuchomelea, kwa hiyo hii ya kukereza nikueleze kidogo. Mashine yenyewe imelala kama kitanda cha chuma. Upande wa kushoto ina kichwa cha duara chenye meno matatu. Unachomeka chuma chako katikati ya yale meno, unakibana kwa ufunguo mfupi wenye mpini wa kupachikwa kwa juu, halafu unawasha. Kichwa kinazunguka na chuma chako, mara mia nane kwa dakika, na kisu kinakisogelea pole pole na kukimenya kama mtu anavyomenya chungwa. Maganda ya chuma yanatoka yamejisokota, ya moto, yanang'aa buluu. Nilikuwa naipenda kazi hiyo kuliko chochote hapa chuoni.

Sheria ya kwanza, kabla hata hujaonyeshwa swichi iko wapi, ni kwamba ufunguo hauachwi kwenye kichwa. Ukishabana, unautoa. Husemi na mtu, hujikuni, hupigi chafya, unautoa kwanza. Mashine ikiwashwa ukiwa bado umo, ule ufunguo unaruka kama jiwe la manati, na haijulikani utampata nani.

Anayetufundisha karakana ni fundi mzee ambaye wanafunzi wote tunamwita Babu Milimita. Ni mfupi, ovaroli yake imepigwa pasi mpaka kwenye kola, na amebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa na jambo moja lililotuacha midomo wazi. Ukimpelekea kazi yako, hachukui kipimo. Anapitisha kidole gumba juu ya chuma, amefumba macho, kisha anasema, "Bado mia nne," yaani sehemu nne katika mia za milimita. Tukipima, ni mia nne kweli. Tuliona ni maajabu. Na huyo, Mjomba, ndiye niliyemuumiza.

Ilikuwa Jumanne, wiki saba zilizopita, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeharibu shafti yangu ya kwanza, ule mhimili wa chuma, kwa kuikata kupita kipimo. Babu Milimita aliishika, akacheka.

"Chiriku, leo umemenya mpaka mbegu!" Jina ulilonipa wewe kwa domo langu limenifuata mpaka huku. "Weka nyingine. Ibane, halafu kimbia ghalani ukalete kisu kipya, hiki kimechoka."

Niliweka nyingine. Nikaibana. Nikakimbia.

Nakumbuka vizuri kwamba nilikimbia, na nakumbuka mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu. Ilipaswa mmoja uwe na ufunguo.

Sikuuona ukiruka. Nilikuwa nimefika mlangoni nikirudi, na kisu kimefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta. Nilisikia sauti ndogo tu, ting', halafu kama mtu amepiga kofi ukutani. Babu Milimita alikuwa ameketi sakafuni, uso ameufunika kwa viganja viwili kama mtu anayecheza kujificha na watoto. Kisha damu ikaanza kupita katikati ya vidole. Mtu akagonga swichi nyekundu, mashine zote zikanyamaza.

Sikumkimbilia. Nilitazama chini ya ukuta nikauona ufunguo wangu. Jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa "Fundi!" Lilikuwa "Nani ameniona?" Wengine walimbeba, wengine walilia, mimi nilisimama pale pale na kile kisu kipya, nikihesabu macho ya watu. Katika barua yote hii, hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko mengine.

Hakuna aliyeniona. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele ya mashine, yeye ndiye aliyebonyeza swichi ili ajaribu kama chuma kimekaa sawa, na mara nyingi huwa anatubania chuma kwa mikono yake. Wote wakaamini ufunguo aliusahau yeye.

Kuanzia siku hiyo woga ukahamia mwilini. Mwenzangu wa chumbani akiangusha kijiko, nilikuwa nimeshaziba uso. Nilipita njia ndefu ya nyuma ya maktaba ili nisikanyage karibu na karakana. Sahani yangu nilimsogezea mwenzangu. Niliwaambia watu tumbo linanisumbua.

Siku ya tatu chuo kikaunda kamati, tukaitwa mmoja mmoja. Mkuu wa idara aliniuliza nani alibana ile shafti. Nikamjibu, "Mimi nilikuwa ghalani, sijui." Sentensi moja tu, tena nusu yake kweli. Akaandika, akanishukuru, nikatoka.

Nilijidanganya kwamba yameisha. Siku ya nane tukasikia kwamba Babu Milimita ameandikiwa barua. Uzembe kazini, asirudi tena. Baada ya miaka thelathini na moja. Naye alipoulizwa, kumbe aliwaandikia kamati mstari mmoja, "Niliwasha mimi," akatia saini, basi.

Kesho yake nilikwenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Sijui nilikwenda kufanya nini. Kwenye ngazi niligeuka kurudi mara mbili. Muuguzi mmoja akaniuliza kama nimepotea, nikaona aibu, nikaingia wodini.

Alikuwa ameketi kitandani, jicho la kulia limefungwa bandeji nene, shavu lote limevimba. Mkewe alikuwa anakunja shuka. Ilikuwa mchana kweupe, dirisha liko wazi, nami nimesimama hatua mbili kutoka kwake, upande wa jicho zima. Akasema, "Ni nani huyo?"

Nilidhani ananifanyia makusudi. "Mimi, Fundi."

"Aa, Chiriku. Sogea." Akamwomba mkewe akamtafutie maji ya kunywa. Mama wa watu alipotoka, akaniuliza, "Umekuja kuniambia, au umekuja kuniuliza?"

Niliokota shuka aliyoiacha mkewe, nikaendelea kuikunja.

"Ufunguo ulikuwa wako," akasema. "Najua. Mimi nilikutuma, halafu mimi nikawasha."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Akanionyesha lile jicho lisilo na bandeji. "Hili zima unaloliona, linaona kivuli chako. Uso wako haliuoni. Na si tangu juzi. Huu mwaka wa pili."

"Na vile vipimo vyote?"

"Kidole. Kidole bado kizima." Akajaribu kutabasamu, shavu likamkatalia. "Ningesema aliyeacha ufunguo ni mwanafunzi, wangeniuliza swali moja tu. Wewe fundi, umesimama mbele yake, taa zinawaka, hukuuona? Sikuuona, Chiriku. Niliangalia, sikuuona. Mke wangu hajui. Nikisema hilo, watauliza wanafunzi wangapi niliwasimamia nikiwa hivi."

Mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa shuka. Mimi nilikuwa najua kwamba watu wazima mnaugua, mnakasirika, mnachoka. Sikujua kwamba mnaogopa namna ile.

Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nikinyamaza, mzee anafukuzwa kwa kosa langu. Nikisema, nafukuzwa mimi, na hapo hapo swali lile analoliogopa linafunguka. Na Mjomba, nikufiche nini? Mwanzoni nilifurahi. Nilijiambia, "Basi mwenyewe hataki niseme." Niliikumbatia sababu hiyo siku mbili nzima. Lakini kila nilipokaa na daftari nilikuwa naona kile kiganja kimeng'ang'ania shuka.

Siku ya tatu nikaandika maelezo yangu kwa kamati, ukurasa mmoja. Sikuyapeleka moja kwa moja. Niliyapeleka kwanza wodini, nikamsomea mwenyewe, kwa sauti ya chini, mkewe akiwa amekaa pale pale na kusikia kila neno. Sikutaja macho yake. Nilipomaliza akasema, "Peleka. Langu nitalisema mwenyewe, nikiweza." Mkewe akamgeukia, "La kwako lipi?" Nikaaga haraka, nikawaacha.

Siku ya kamati nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Walikuwa watano, meza ndefu, mbele ya kiti changu glasi ya maji ambayo sikuigusa kwa sababu nilijua itamwagika. Mkuu wa idara alikuwa na karatasi yangu mkononi.

"Ufunguo uliuacha wewe?"

"Niliuacha mimi."

"Siku ile ulituambia hujui."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Akavua miwani. "Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi," nikasema, na ndipo machozi yakanitoka, mbele ya wazee watano, wala sikuwa na leso.

Kisha likaja lile swali. Mmoja wao, mwanamke mkimya wa idara nyingine, akauliza kama mimi ninajua kwa nini fundi mzoefu hakuuona ufunguo uliokuwa mbele ya uso wake. Nikasema hilo wamuulize yeye. Nilipofungua mlango kutoka, nilimkuta ameketi kwenye benchi la nje, amevaa ovaroli yake ya pasi licha ya bandeji zote zile, mkewe amemshika kiwiko. Aliniuliza, "Wamekufokea?" Nikasema hapana. Akameza mate, akainuka, akaingia akipapasa fremu ya mlango. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba anapapasa. Miaka yote tulidhani ni mwendo wake.

Uamuzi ulichukua siku nne, na siku nne hizo sizihesabu katika umri wangu. Somo la karakana nimefelishwa, nitalirudia lote, kwa hiyo nitahitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Onyo limewekwa kwenye faili langu. Babu Milimita barua yake imefutwa. Daktari alisema macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Lile la kushoto limeshapasuliwa na linaona. La kulia, lililopigwa na ufunguo, linaona mwanga tu, na litabaki hivyo. Mashine hagusi tena. Amepewa ghala la vifaa mpaka atakapostaafu. Watu wananiambia nishukuru yameisha vizuri. Nashukuru. Lakini jicho la mtu limekwenda, Mjomba, na hakuna kamati ya kulirudisha.

Kuna jambo moja zaidi. Waliponiuliza kama nina la kuongeza, nilisema kinyonge kwamba ufunguo unaweza kutengenezwa usiweze kubaki, ukiwekewa springi ndogo kwenye ncha yake, ili ukiuachia tu ujisukume nje na kuanguka. Mkuu wa idara akaniangalia, akasema, "Basi utautengeneza wewe." Karakana ina mashine kumi na mbili. Funguo kumi na mbili.

Kuchora kulikuwa rahisi. Ila pete ya kushikilia springi ni lazima ikerezwe, na kukereza ni kurudi pale.

Nilirudi Ijumaa hii. Nilisimama mbele ya mashine dakika arobaini, nimevaa miwani ya kinga mpaka ikajaa mvuke. Nilibana chuma, nikatoa ufunguo, nikauweka mezani. Nikatazama kichwa. Nikatazama meza. Nikaenda msalani, nikarudi, nikatazama tena vyote viwili. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunong'ona. Babu Milimita alikuwa kwenye dirisha la ghala na miwani yake mipya. Alikuwa ananiona, sasa ananiona kweli, na hakuja. Baadaye sana akaita, "Chiriku! Wewe ndiye wa kuiwasha, mashine haitakuwasha wewe!"

Nilipobonyeza kile kitufe cha kijani nilipiga yowe, karakana nzima ikageuka. Ikazunguka. Hakikuruka kitu. Nikaikereza ile pete nikiwa nalia, kwa hiyo imetoka mbaya, imepungua mia sita. Hata hivyo springi imekaa. Niliuchomeka ufunguo kwenye kichwa, nikauachia, ukajirusha nje na kuanguka sakafuni kama nilivyouchora. Ulipolia ting' kwenye saruji, nilikaa chini. Bado kumi na moja.

Jana nikampigia Mama, maana hakuwa anajua lolote. Nilipoanza tu na "Mama, nina jambo," akanikatiza, "Una mimba." Nikasema sina. Akashusha pumzi ndefu, "Haya, sema lolote sasa." Nikasema lote. Hakufoka. Aliomba namba ya mke wa fundi. Wameongea karibu saa nzima, muda ambao hajawahi kuongea na mimi. Sijui walisemezana nini, na naogopa kuuliza.

Sasa nawe umejua. Ukitaka kunigombeza, nipigie, usiniandikie. Maandishi nitayasoma mara mia. Na ukinijibu, nakuomba kitu kimoja, usiniambie kwamba nitazoea. Kila mtu ananiambia hivyo, kwa nia njema. Babu Milimita alizoea. Mimi pia siku ile nilikuwa nimeshazoea, ndiyo maana nilikimbia. Niambie ukweli mwingine. Ukiwa ndani ya yale matangi, kabla hujawasha moto wako, unaogopa? Kama unaogopa, niandikie hivyo tu, itanitosha.

Nisalimie Mama Mapacha, uwabusu mapacha wote wawili kwa niaba yangu. Bibi anakusalimu na kukumbusha kwamba hujamtumia picha tangu unyoe ndevu. Mama anakusalimu. Babu Milimita naye, nilipopita kwao leo mchana na kumwambia nakuandikia, amesema nikupe salamu za fundi kwa fundi.

Mungu akutie mkononi mwake kila uingiapo humo na kila utokapo, na asiache hata siku moja mlango uwe hauna mtu wa kukusubiri.

Mpwa wako akupendaye,

Chiriku